Mistari Mitatu ya Kumsafisha Zorekh

Siku sita za juma tulichapa gazeti, na ya saba tulipumzika, sisi watu tuliokuwa tumemkana Mungu hadharani. Si kwa kupenda. Mtambo wetu ulikuwa umefichwa nyuma ya karakana ya Mzee Yudl, mfua shaba, na kelele zake ndizo zilizofunika zetu. Yudl akigonga masufuria yake, mwenzangu Lozer alivuta mkono wa mtambo. Yudl akitua nyundo apenge kamasi, Lozer naye alisimama na mkono hewani akingoja. Na Yudl alikuwa mcha Mungu. Ijumaa jua likianza kushuka alizima moto, na hapo hata kikohozi chetu kingesikika barabarani kwa polisi wa mfalme wa Urusi. Kwa hiyo tuliishika Sabato kuliko marabi wa mji wetu wa Bialystok, na sikukuu zote pia. Lozer alizoea kusema kwamba mapinduzi yatachelewa kwa sababu ya kalenda ya Mzee Yudl.

Mimi, Shifre, ndiye niliyepanga herufi. Kwa majirani nilikuwa mpwa wa Yudl, niliyemfulia na kumpikia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, vidole vyepesi na majivuno tele. Gazeti letu liliitwa Sauti ya Wafumaji. Lilitoka kila wiki mbili kwa Kiyidi, lugha yetu Wayahudi tuliyonyonya kwa mama zetu, na msichana wa kiwandani asiyejua hata neno la Kirusi aliweza kulisoma peke yake. Watu walilificha kifuani, kwenye pipa la unga, chini ya mtoto aliyelala. Mtu akisema "gazeti limesema", ubishi umekwisha. Nililipenda sana jambo hilo, nalisema leo kwa aibu.

Ukurasa wa mwisho palikuwa na safu iliyoitwa Jihadharini Nao. Humo Chama, chama chetu cha siri cha wafanyakazi, kiliwataja majasusi wa polisi: jina, kazi, sura, mtaa. Aliyetajwa akiingia kiwandani, mitambo ya kufuma ilisimama yote kwa pamoja mpaka nyapara amtoe nje. Muuza mkate hamwoni. Binamu yake anavuka barabara. Wengine walihama mji. Wengine walikutana uchochoroni na vijana wa Berl, kikosi chetu cha kujilinda, na hao hawakuhitaji kuhama.

Zorekh Lapidus alikuwa mfumaji katika kiwanda kimoja kando ya Mto Biala, mrefu, mwenye pengo la jino la mbele. Ndiye aliyetuandikia habari za kiwandani kwake: jinsi nyapara anavyorudisha nyuma saa ya ukutani, jinsi mwenye kiwanda anavyokuja na leso puani kama anayetembelea zizi. Watu walisoma wakacheka, kisha wakagoma. Tulikuwa tuoane, bila rabi, kwa maneno yetu wenyewe, kama ulivyokuwa mtindo wa wenzetu.

Januari baba yake akafa kwa ugonjwa wa kifua. Kwetu mtoto wa kiume humsomea baba yake sala ya yatima, kadishi, asubuhi na jioni kwa miezi kumi na moja, na haisomwi mpaka watimie wanaume kumi. Pale kaburini wakamwambia Zorekh asome. Wenzetu wa Chama walikuwa wamesimama nyuma yake, kama hamsini hivi, nami nikiwamo, tukimtazama. Zorekh akanyamaza. Akageuka, akaondoka, na nyuma yake mama yake, Bashe, akaangua kilio. Sisi tulipanga foleni langoni mwa makaburi tumpe mkono wa pongezi. Gazeti likaandika kwamba ndugu mmoja mfumaji ameonyesha njia. Niliipanga mimi habari hiyo, na niliipanga kwa furaha.

Mwezi uliofuata Zorekh akaanza kunidanganya. Aliniambia alfajiri anawahi kiwandani kutia mtambo wake mafuta. Nikampelekea mkate, hayupo. Akasema alikuwa kwa mng'oa meno. Nikamchungulia kinywani, pengo ni lile lile moja. Jioni, kwenye mtaa wa Suraz tulikozoea kutembea tukipeana habari, alitokea nusu saa baada ya wengine, akihema. Mimi nilijua ni mwanamke. Kitu gani kingine humtoa mwanamume kitandani kabla ya jua? Wivu ulinila mpaka chakula kikanishinda.

Mwishoni mwa Agosti polisi wakavamia mkutano wa kupanga mgomo, wakachukua watu sita. Mmoja wao alikuwa kaka yake Berl. Ilikuwa wazi kwamba mtu ametoa siri, na kiongozi wa kamati ya Chama, tuliyemwita Albert kwa kuwa jina lake la kweli hatukupaswa kulijua, akaanza kumhoji kila mtu kuhusu kila mtu. Akaniuliza kama kuna lolote juu ya Zorekh. Ningeweza kusema hakuna. Lakini nilikuwa sijalala usiku kucha kwa ajili ya mwanamke huyo niliyemtunga mwenyewe, na nilitaka apatikane mtu wa kumkaripia.

"Kila alfajiri kuna mahali anakwenda," nikasema, "na mimi ananidanganya."

Albert akaitikia kwa kichwa, polepole. Hakuuliza la pili.

Baada ya siku nne maneno ya safu yakaletwa, yameandikwa kama kawaida kwenye karatasi nyembamba ya sigara. Zorekh Lapidus, mfumaji, mrefu, hana jino la mbele, anakaa mtaa wa Watengeneza Ngozi. Niliyasoma mara tatu. Lozer akauliza mbona nimekuwa mweupe hivyo, nikampa karatasi. Akaisoma, akanirudishia, akaniambia kwa upole kwamba kamati imeshaamua, na mpanga herufi hapangi maamuzi. Ilikuwa kanuni yetu. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimemfokea yeye kwa kanuni hiyo hiyo.

Nje Yudl alikuwa anagonga. Nikaokota herufi moja baada ya nyingine. Nilijiambia kwamba mtu safi hana haja ya kudanganya, na kwamba kamati lazima inajua mambo nisiyoyajua, kumbe ilijua niliyoiambia mimi tu. Nilipomaliza nilikagua mistari yote. Haikuwa na kosa hata moja.

Gazeti lilipotoka, mitambo ya kufuma ilisimama, na Zorekh akatolewa kiwandani. Mimi sikwenda kumwona. Nilijifanya nina hasira naye, na hasira kweli zilikuwapo. Wiki moja na nusu ikapita. Ndipo nikakutana na Bashe sokoni, nyuma ya sufuria yake ya dengu za kuchemsha. Ilikuwa saa sita mchana na sufuria imejaa pomoni. Bashe hakujua kusoma, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsomea gazeti. Akanishika mkono, akanishikilia.

"Mwanangu, mmegombana na Zorekh? Chakula hagusi. Na watu wananikwepa kama nina ukoma. Nimewakosea nini?"

Nikajifanya naangalia dengu zake.

"Mnafanana kwa ukaidi, nyie wawili. Haya, nenda sinagogi ya wafumaji asubuhi, ile ndogo nyuma ya kiwanda cha ngozi. Kila siku yuko pale. Mtapatana tu."

Nikamuuliza Zorekh anafanya nini sinagogini.

"Anamsomea baba yake, anafanya nini! Nililia siku saba. Ya nane akainuka akaenda. Na usimwambie nimekwambia, maana aliniapisha."

Kesho yake nilipanda ghorofa ya wanawake, nikachungulia kwenye pazia. Hapakuwa na mwanamke yeyote wa kuonea wivu. Palikuwa na wazee tisa wenye kikohozi, na Zorekh, wa kumi. Kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, macho sakafuni, anasoma harakaharaka kwa sauti ya chini, na wazee wanamwitikia amina. Niliketi sakafuni pale juu, nikauma ukingo wa shali yangu nisisikike.

Nilimngoja nje. Jicho lake moja lilikuwa limevimba, na pengo lake lilikuwa limekuwa la meno mawili. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikwambie nini? Kwamba nasali? Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kunipa mkono pale makaburini, Shifre."

"Wanakuita jasusi, Zorekh. Waambie ukweli, watakuelewa."

"Watacheka. Jasusi angalau wanamwogopa." Alijaribu kutabasamu, mdomo ukamuuma. "Mimi mwenyewe siamini hata neno moja la ile sala. Mama alikuwa halali."

Nikamwambia aondoke mjini leo leo. Akasema ataondoka, atakwenda Amerika, lakini imebaki miezi miwili na kitu, na wazee bila yeye ni tisa. Kisha akaniuliza, hivi hivi, kama ninajua ni nani aliyeiambia kamati. Nikasema sijui. Ndilo jambo la mwisho nililomwambia ana kwa ana.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Albert, katika chumba cha juu cha nyumba ya chai. Berl alikuwa pembeni akimenya tufaha kwa kisu kidogo. Nilimwaga yote: kadishi, mama, uongo wa mafuta na wa mng'oa meno. Albert alikunja uso. Akasema msichana mwenye mapenzi si shahidi, na kwamba safu ile ina nguvu kwa sababu haijawahi kurudi nyuma. Tukimsafisha mmoja, kesho majasusi wote watakuja na mama zao. Nikaona ananiteleza. Nikasema basi asinisadiki mimi, atume watu wakamwone wenyewe, sinagogi ya wafumaji nyuma ya kiwanda cha ngozi, asubuhi na jioni, hakosi hata siku moja.

Berl akaweka tufaha mezani, akatoka. Mimi sikumtilia maanani. Nilikuwa nimeshughulika na Albert, ambaye baada ya saa nzima ya ubishi alikubali kutuma mtu mmoja akathibitishe, na akithibitisha, kusahihisha katika toleo linalofuata. Niliteremka ngazi zile nikijiona nimemwokoa mtu.

Masahihisho yaliletwa Jumatano mchana, kwenye karatasi ya sigara. Yalikuwa mistari mitatu: Kamati imechunguza upya, Zorekh Lapidus, mfumaji, si jasusi, ni ndugu yetu, na apokewe kama ndugu. Lakini jioni ile Mwaka Mpya wetu ulikuwa unaingia. Yudl alikuwa ameshazima moto na amekwenda kuoga. Mwaka ule sikukuu ilianguka Alhamisi na Ijumaa, na nyuma yake Sabato. Siku tatu bila nyundo. Nilimfuata Yudl, nywele zake zikiwa bado mbichi, nikamsihi agonge nusu saa tu. Aliniangalia kwa huruma.

"Binti yangu, kwa ajili yenu nimejitia mdomoni mwa polisi, sikunung'unika. Lakini huyu wa juu siwezi kumfanyia ujanja. Jumapili alfajiri nitakugongea mpaka mkono ukatike."

Nikaipanga ile mistari mitatu kimyakimya, nikaifunga kwa uzi isitawanyike, nikaiweka. Nilijiambia Zorekh ameishi wiki mbili na jina hilo, siku tatu nyingine hazitamwua. Kwa siku ile ya Jumatano nilikuwa nimetulia kabisa.

Alhamisi baada ya chakula Lozer alikuja na mkate na asali, kwa kuwa hata sisi asali ya Mwaka Mpya hatukuikana. Akasema, huku akitafuna, kwamba vijana wa Berl wamevaa vizuri leo, wanakwenda mtoni kumpa yule jasusi anayesali salamu za mwaka. Nikamuuliza kama Berl hajui kuhusu masahihisho. Lozer akashangaa. Masahihisho gani, gazeti si halijatoka?

Nilipaka wino ile mistari mitatu kwa kidole, nikaweka karatasi juu, nikaigandamiza kwa kiganja. Ilitoka moja inayosomeka. Sikungoja ya pili.

Siku ya kwanza ya Mwaka Mpya mji mzima hushuka mtoni alasiri kutupa dhambi. Watu hukung'uta mifuko, makombo yakaenda na maji. Biala ni mto mdogo, unanuka rangi za viwandani, na siku ile kingo zake zote zilikuwa nyeupe kwa shali. Niliwasukuma watu huku nikimwita. Nilimwona Bashe akikung'uta aproni yake, akiongea peke yake. Zorekh alikuwa amekwisha kutengwa naye, hatua mia moja hivi, kwenye ukuta wa kiwanda cha ngozi. Walikuwa wanne, na Berl.

Nilijitupa katikati nikiwa nimeinua karatasi. Nikasema gazeti limesema si jasusi. Wakasita, kwa maana neno hilo lilikuwa bado na nguvu yake. Berl akaichukua karatasi, akaisoma yote bila haraka, akaigeuza kuangalia nyuma.

"Jina la gazeti liko wapi?"

"Litachapwa Jumapili. Yudl hagongi sikukuu, unajua."

"Dada Shifre," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu, "kaka yangu yuko gerezani anatema damu. Wewe unanichapishia barua ya mchumba wako." Akaikunja, akaitupa mtoni pamoja na makombo ya watu.

Mmoja wao akanishika mikono. Zorekh hakupiga kelele, nadhani kwa sababu ya mama yake, asisikie. Kelele nilipiga mimi. Lakini watu waliokuwa karibu walipomtambua ni nani anayepigwa, waligeuza nyuso kwenye maji wakaendelea na dhambi zao. Gazeti lilikuwa limewaambia wajihadhari naye.

Zorekh alikufa Sabato, kabla ya adhuhuri. Tulimzika Jumapili, Bashe, mimi, na wachimba kaburi. Wanaume kumi hawakupatikana. Kutoka makaburini nilikwenda kwa Kalmen, mtunza sinagogi ya wafumaji, mmoja wa wale wazee tisa. Nikamwomba, kwa kuwa Zorekh hana mwana wala ndugu, yeye amsomee kadishi. Akakuna ndevu.

"Jasusi hasomewi," akasema. "Ndiyo sheria yetu ya zamani."

"Alisali nanyi miezi minane. Mnamjua."

"Tulidhani tunamjua. Mimi ni mfumaji, binti, miaka arobaini. Gazeti lile halijanidanganya hata siku moja. Likisema hana hatia, namsomea mimi mwenyewe, asubuhi na jioni, na baba yake nitammalizia miezi iliyobaki. Nakuapia. Lilete tu."

Nilirudi karakanani nikikimbia. Yudl alikuwa anagonga kwa nguvu zake zote, kama alivyoahidi. Albert alikuwa amenitangulia. Alisema bila kunitazama kwamba kamati imeyaondoa masahihisho. Alipokuwa hai yangemfaa. Sasa yatawafaa polisi, watakaopita viwandani wakisema Chama kimeua mfumaji asiye na hatia, na wafungwa sita watabaki bila mtu wa kuwaamini. Alisema pia kwamba anasikitika. Nadhani alisikitika kweli. Kisha akaondoka.

Na hapa ndipo ninapotaka nisikilizwe vizuri. Ningeweza. Mistari mitatu ilikuwa mbele yangu, imefungwa kwa uzi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mkononi mwangu, na hakuna aliyeukagua ila mimi. Lozer akanigeuzia mgongo, akawa anapangusa mtambo mahali palipokuwa safi tayari, na aliupangusa muda mrefu sana. Nilielewa kwamba ananipa nafasi.

Nikafikiri habari ya Bashe. Atasomewa mistari ile, kwa kuwa habari njema watu wana moyo wa kuisoma. Atafurahi na kulia, halafu atauliza: kama hakuwa jasusi, ni nani aliyewaambia kwamba ni jasusi? Na mtu atamjibu.

Nikakata uzi. Nikazirudisha herufi visandukuni, kila moja mahali pake, mpaka meza ikabaki tupu. Lozer akageuka, akatazama, akashika mkono wa mtambo.

Bashe alikufa miaka miwili baadaye, akiniita mwanangu mpaka mwisho. Jasusi wa kweli hatukumjua kamwe. Majira yale ya baridi, kila nilipokwenda sokoni asubuhi, nilipita mbele ya sinagogi ya wafumaji, na Kalmen alikuwa amesimama mlangoni kwenye theluji, akimvuta mkono kila mwanamume anayepita, akimwomba aingie kidogo tu awatimizie kumi. Mimi aliniona nikija. Alikuwa ananiuliza kwa macho kama nimelileta gazeti, nami niliinamisha kichwa nikapita.